Aliyeshindwa Peke Yake

Malindi nzima, ile ya milima ya Usambara, walimwita Mgombea. Nilipofika kufundisha shule ya msingi pale, uchaguzi wake wa ubunge ulikuwa umepita miaka miwili, na alikuwa ameshindwa vibaya, lakini jina lilikuwa limemganda. Watoto walimwamkia, "Shikamoo Mgombea," bila utani wowote. Walidhani ndiyo kazi yake, kama vile wengine walivyokuwa maseremala au wapasua mbao wa Shume. Naye alisimama njiani, akawaitikia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Nilipewa vyumba viwili jirani na kwake. Mimi nilikuwa mtu wa Tanga mjini, sijui Kishambaa, sijui baridi. Jioni ya kwanza alikuja na mzigo wa kuni kavu za mkaratusi, akautua mlangoni pangu.

"Mwalimu, huku blanketi peke yake halitoshi," alisema, akageuka kwenda zake kabla sijamkaribisha.

Mkewe alikuwa amefariki zamani. Watoto wake wawili walikuwa kazini, mmoja Tanga, mwingine Arusha, na barua zao zilifika kwa zamu, kama watu waliokubaliana. Sebuleni kwake palikuwa na viti sita vimepangwa ukutani, kama ofisi ya serikali. Alivipangusa vumbi kila asubuhi. Kwa miaka saba niliyokaa pale sikuwahi kuona viti zaidi ya viwili vimekaliwa, na kimoja kati ya hivyo viwili nilikuwa nimekikalia mimi.

Alisalimia watu kama mtu anayetafuta kura. Alitoa mikono miwili, akauliza habari za ng'ombe aliyekuwa na kidonda cha kwato, za mtoto aliyekwenda seminari, za paa lililovuja. Hakusahau. Mwanzoni nilidhani anajiandaa kusimama tena, nikamuuliza.

"Hapana," alisema. "Lakini nikiacha kuwasalimia, watasema nilikuwa nawasalimia kwa ajili ya kura."

Hakuwa mtu mwepesi kukaa naye. Alikuwa mbishi wa mambo madogo. Ukisema mvua ya jana ilianza saa nane, yeye atasema saa nane kasorobo, na hatakuacha mpaka ukubali. Kanisani, pale usharikani kwa Walutheri, wazee wenzake waliogopa kumpa taarifa yoyote aisome, maana aliisahihisha mbele ya watu. Alipenda kuwa sahihi. Nadhani alijua kwamba tabia hiyo ilimgharimu mengi, kwa sababu alipokwisha kukusahihisha aliinama ghafla, akatazama mikono yake.

Jambo alilopenda kusimulia ni zile wiki tatu za kampeni. Ilibidi anieleze, maana mimi nilipiga kura Tanga na sikuwahi kufikiri wagombea wanaishije. Chama kilikuwa kimoja tu nchini, na wote wawili walitoka humo. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mgombea alipewa picha, mmoja jembe, mwingine nyumba. Hawakuruhusiwa kufanya mikutano kila mmoja peke yake. Walipakiwa ndani ya Landrova moja pamoja na msimamizi aliyetumwa na chama, mtu wa kusini, wakazunguka jimbo zima bega kwa bega. Leo huyu alikaa mbele, kesho yule. Walikula sahani zinazofanana. Kila mmoja alipewa dakika zilezile, msimamizi akiangalia saa yake ya mkononi.

"Tulipimiwa maneno kama chumvi dukani," alisema, na hakuwa analalamika. Alilipenda jambo hilo. Katika maisha yake yote, alisema, hakuwahi kuona haki iliyonyooka kama ile.

Mwenzake alikuwa karani wa zamani wa baraza, mcheshi, mwenye sauti nzuri. Landrova ilipozama kwenye tope la Shume walisukuma pamoja mpaka mwenzake akapoteza kiatu kimoja, wakacheka wote wawili wameshikilia bodi la gari. Walilala juu ya madawati ya shule, wakigawana koti moja. Kila mmoja aliijua hotuba ya mwenziwe kwa moyo. Siku moja mwenzake alikauka koo, akasahau katikati ya maneno, na Mgombea, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akamnong'oneza sentensi iliyofuata.

"Hotuba ya mpinzani wako?" niliuliza.

"Ilikuwa hotuba nzuri," alisema. "Kwa nini iharibike?"

Habari za mkutano wa mwisho nilisimuliwa na watu watatu kabla yeye mwenyewe hajanisimulia, na wote wanne walikubaliana karibu kila neno, jambo ambalo ni nadra.

Lazima niseme kwanza kwamba kabla ya Uhuru serikali ya mkoloni iliwaamuru watu wa milima hii wachimbe matuta mashambani ili mvua isichukue udongo. Asiyechimba alipelekwa barazani kwa zumbe, yaani mtawala wa kienyeji, akatozwa faini au akafungwa. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na iliwaangukia zaidi wanawake, kwa kuwa waume zao wengi walikuwa kule chini wakikata mkonge. Mgombea, wakati huo bado kijana, ndiye aliyekuwa bwana shamba wa upande wetu. Yeye ndiye aliyepita na kamba na fimbo ya kupimia. Baadaye aliacha kazi hiyo, akachukua kadi ya chama wakati kadi ilikuwa kitu cha kufichwa ndani ya soksi, akatembea vijijini akisema kwamba matuta ya kulazimishwa ni dhuluma. Watu walimsamehe, au walimnyamazia, na mlimani kwetu ni vigumu kutofautisha.

Katika uchaguzi ule alipewa picha ya jembe. Marafiki walimpongeza. Nchi ya wakulima, nani atakataa jembe?

Mkutano wa mwisho ulifanyika palepale kijijini kwake, uwanjani mwa shule. Wote wawili walimaliza kusema, ukafika wakati wa maswali. Akasimama bibi mmoja mjane, mfupi, amejifunga kaniki, akauliza kwa Kishambaa. Kanuni ilisema kampeni ni kwa Kiswahili tu. Msimamizi hakuelewa. Aliwauliza watu, "Mama anasema nini?"

Hakuna aliyejibu. Uwanja mzima ulijua Kiswahili cha kutosha kutafsiri swali lile, lakini kila mtu alitazama chini. Mwenzake, ambaye naye ni Mshambaa, alianza kufunga kamba za viatu vyake. Msimamizi akauliza tena.

Ndipo Mgombea aliposimama. "Anauliza," alisema kwa Kiswahili safi, "kama jembe hili la kwenye karatasi ndilo lile nililomnyang'anya nilipokuwa bwana shamba, au ni jingine."

Ilikuwa kweli. Mwaka mmoja yule bibi alikataa kuchimba matuta, mumewe yuko mkongeni, ana mtoto mgongoni. Bwana shamba alilichukua jembe lake, akalipeleka barazani mpaka atakapokubali. Jembe lilikaa barazani, mvua zikaja zikapita, na bibi hakupanda kitu.

Msimamizi alitazama saa yake, akasema swali hilo si la siasa ya chama na mgombea halazimiki kulijibu.

"Ni lilelile," Mgombea akajibu, akakaa. Dakika zake zilikuwa bado hazijakwisha.

Nilimuuliza miaka mingi baadaye kwa nini hakutafsiri vingine. Angeweza kusema bibi anaulizia bei ya mbegu, na msimamizi asingejua.

"Watu wangejua," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi ningejua nimetafsiri vibaya." Sikuweza kutambua ni lipi kati ya hayo mawili lililomuuma zaidi.

Baada ya matokeo kila mtu alimjia kumwambia kwamba kura yake alimpa yeye. Mchungaji alimwambia. Mwenye kinu alimwambia. Hata mdogo wake, aliyeonekana mchana kweupe akiwasifu watu wa picha ya nyumba, alimwambia.

"Kama wote walionipa kura wangenipa kura," alisema, "leo ningekuwa Dar es Salaam."

Mwezi uliofuata alinunua jembe jipya, akatia mpini mwenyewe, akalipeleka kwa yule bibi. Bibi alilipokea, akalipima mkononi, akamkaribisha uji. Akamwambia, "Kura sikukupa."

Kuanzia siku hiyo, nyumba ile ndiyo iliyokuwa nyumba pekee kijijini alikokwenda bila kuitwa. Jumapili baada ya ibada nilimwona akipanda kilima na kifurushi cha sukari kwapani. Walikaa barazani mwa bibi, mara nyingi bila kuzungumza. Bibi alipofariki, katika mwaka wangu wa nne pale, Mgombea alichimba kaburi pamoja na vijana na akakataa kupokezana. Matanga yalipokwisha alirudi kwake, na Jumapili iliyofuata nilimwona amesimama barabarani na kifurushi chake, hajui aende wapi. Alikiacha mlangoni kwangu.

Kuhusu chama, hakuna aliyeweza kukisema vibaya mbele yake. Aliamini kwamba nchi changa ikigawanyika vyama viwili, kesho itagawanyika makabila, na keshokutwa ukoo huu wa mlimani hautapitisha maji kwa ukoo ule. Alisema hivyo kwa nguvu, akigonga mkono wa kiti. Lakini siku moja tulipokuwa tukichambua maharage kibarazani kwake, mvua ya rasharasha ikinyesha, aliniambia jambo jingine, taratibu, kana kwamba anamsengenya mtu anayempenda.

"Zamani kilikuwepo chama kingine pale Lushoto, cha watu wachache. Tuliwacheka sana. Lakini, Mwalimu, wakishindwa walirudi ofisini kwao, wakachemsha chai, wakatutukana wote pamoja mpaka jioni. Kesho yake wakaanza upya. Mimi nilishindwa ndani ya chama changu mwenyewe. Niliporudi ofisini niliwakuta wanasherehekea. Nikaingia, nikasherehekea nao. Ningekwenda wapi?"

Akachambua maharage kidogo.

"Wenye chama chao wenyewe, wakishindwa, hushindwa pamoja. Mimi nilishindwa peke yangu."

 Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na chama nilikijua kama nilivyolijua jua. Sikuwahi kufikiri kwamba kinaweza kumwacha mwanachama wake nje.

Siasa ya vijiji vya ujamaa ilipofika kwetu, uliitishwa mkutano uwanjani ili tukubali kuwa na shamba la pamoja. Mgombea aliomba watu wapige kura ya siri, kwenye karatasi. Mwenyekiti alicheka kwa upole, akasema, "Mzee wangu, ya nini siri, sote si ndugu?" Ikapigwa kura ya mikono. Nilinyanyua wangu. Mikono yote ilipanda, na wa Mgombea ukiwemo.

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi kwa nini alinyanyua, kama hakuridhika.

"Mtu mmoja akikataa peke yake, watu hawasemi amekataa," alisema. "Wanauliza, mzee siku hizi anaumwa?"

Basi, nilitegemea kwamba huyu hatalikanyaga lile shamba. Ikawa kinyume. Jumamosi za kwanza walikwenda wote na ngoma. Miezi ikapita, wakaja nusu. Wakaja wachache. Mwisho wake, kutoka dirishani kwa darasa langu ng'ambo ya bonde, nilimwona mtu mmoja tu akipalilia mahindi ya kijiji kizima, koti limetundikwa kwenye mti. Viongozi wa tawi walimfuata, wakamwomba awe msimamizi wa shamba, maana anaujua udongo kuliko wote, ili awaamuru watu waje. Alikataa. Walimbembeleza mara tatu.

"Nitalima," aliwaambia, "lakini sitamwambia mtu alime."

Kiapo hicho kilimtesa. Shambani kwake mwenyewe alichimba matuta mazuri kuliko yale ya mkoloni, yamepandwa majani kingoni, na mvua kubwa ilipokuja udongo wake ulibaki. Wa majirani uliteremka na maji, mwekundu, mpaka mtoni. Nilimwona akitoka na mwavuli, akasimama mpakani akitazama shamba la jirani likiondoka, midomo ameibana. Jirani naye alisimama mlangoni pake, akimtazama anavyotazama. Mgombea angeweza kumwonyesha la kufanya kwa asubuhi moja tu. Hakusema neno, na jirani hakuuliza. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta bado yupo.

"Kuhusu udongo, sisi mabwana shamba tulikuwa na haki," aliniambia nilipompita. "Kuhusu watu hatukuwa nayo."

Na yule mwenzake wa Landrova, ambaye sasa ni Mheshimiwa? Mwaka wa kwanza wa ubunge wake alikuja Malindi, akakaa kwenye kiti kimoja cha vile sita, wakacheka habari za kiatu kilichopotea. Mwaka wa pili alisimamisha gari, akateremsha kioo, akauliza hali. Baada ya hapo gari lilipita tu. Kila liliposikika likipanda, Mgombea alitoka akasimama kando ya barabara, akanyanyua mkono, akarudi ndani na vumbi kwenye nyusi. Sikumsikia akimlaumu. Aliniambia tu kwamba redioni, Bunge likitangazwa, anaitambua sauti yake kabla hajatajwa, na kwamba siku hizi anazungumza haraka mno.

Nikahamishiwa Same. Siku ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka kituoni, akasimama mpaka basi likakata kona.

Mara ya mwisho nilimwona Mazinde, kule chini barabarani, mwaka mmoja baadaye. Nilikuwa natoka Same kwenda Tanga kumuuguza mama yangu. Basi letu lilipata pancha, tukateremka wote, na nikamwona ameketi juu ya jiwe mbele ya kibanda cha chai. Amevaa koti lake la mlimani katika joto lile la mkonge. Kando yake palikuwa na kamba na ngata, ile ya kuwekea mzigo kichwani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Ah, Mwalimu." Alisimama, akanishika mikono miwili. "Na miguu ya mama yako?"

Nilimwambia bado inavimba. Nikamuuliza kama anasafiri.

"Hapana. Nampokea mtu."

Uchaguzi ulikuwa umekwisha majuma mawili nyuma. Mheshimiwa, baada ya vipindi viwili, alikuwa ameangushwa na mwalimu mmoja kijana. Nilielewa, lakini sikuelewa vizuri.

"Si angeshuka Mombo," nilisema, "apande gari la Lushoto?"

"Mtu aliyeshindwa hashuki Mombo, Mwalimu. Pale stendi wanamjua wote. Atashuka hapa, apande kwa miguu njia ya Shume, afike kwake wakati watu wameshaingia ndani."

"Amekuandikia?"

"Hajawahi kuniandikia."

Muuza chai aliniambia kando, akinimiminia kikombe, kwamba mzee huyu analala kwake, juu ya magunia, na kila basi la kutoka Dar es Salaam likisimama, anainuka.

Utingo wetu alikuwa bado anakaza nati lilipofika basi jingine kutoka upande wa Korogwe. Mgombea aliinuka. Akashuka mama mwenye kuku, wakashuka vijana wawili, kisha akashuka mtu aliyevaa suti ya kijivu, amekonda shingo. Utingo wao alimteremshia sanduku la bati kutoka juu, likagonga chini, basi likaondoka. Yule mtu alitazama huku na huku kama anayetaka kuvuka barabara. Halafu akamwona.

 Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Umekuja kunitazama," alisema yule wa suti. Ile sauti nzuri ilikuwa imekwaruza.

"Nimekuja kukupokea."

"Nani amekwambia nafika leo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nipo tangu Jumatatu."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.  Yule mtu alitazama milima iliyosimama nyuma ya kibanda, kisha akatazama sanduku lake.

"Ni zito," alisema.

"Tutapokezana."

"Wewe na mimi? Kwa umri huu?"

"Jua likipungua," alisema Mgombea, "tutakwenda polepole."

Dereva wetu alipiga honi. Nilimuaga Mgombea, naye akaniombea heri kwa mama, akamtambulisha mwenzake kwangu kwa jina lake la kawaida, bila cheo. Yule mtu alinipa mkono wenye jasho, hakunitazama usoni.

Nilipata kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kusogea niligeuka. Walikuwa wamelisogeza sanduku kwenye kivuli cha kibanda, wameketi juu yake, mmoja mwisho huu, mwingine mwisho ule, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara, na katikati yao pamebaki nafasi ya kumtosha mtu wa tatu.